Sikulitaja jina, faili likalitaja

Najua nimekuwa kimya. Wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akauliza kama nimeoa bila kumwalika. Hapana jamani, nipo. Ila kuna jambo limenikaa kooni kwa miezi, na kila nikijaribu kuandika mambo mengine naona kama nawazuga tu. Leo nimeamua kulitoa.

Jambo lenyewe ni jina la mtu. Sikulitamka, sikuliandika, wala sikulijua. Lakini nililipeleka kwa wakubwa wake wa kazi kwa kidole changu mwenyewe, na mwenye jina akaadhibiwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana mzee mmoja anayefanya kazi katika ofisi moja ya umma (sitaitaja, na naomba msikisie) alinipigia simu akasema ana kitu. Tukakutana kwenye mgahawa karibu na stendi. Akaagiza chai ya rangi na vitumbua viwili, kimoja akakiacha. Alinieleza kuhusu ununuzi wa samani za ofisi: meza na viti vilivyolipiwa karibu mara mbili ya bei ya dukani, na baadhi havijaonekana mpaka leo. Kulikuwa na ripoti ya ndani inayoeleza yote hayo, na yeye ndiye aliyeiandaa. Ripoti ilikabidhiwa kwa wakubwa, ikalala kabatini.

Kabla ya kunipa, aliniuliza swali moja tu. "Mwanangu, jina langu litabaki kwako?"

Nikamjibu, "Mzee, litabaki kwangu mpaka nazikwa." Na nilimaanisha. Chuo kikuu tulisoma somo zima la maadili ya uandishi wa habari, na kama kuna kitu kilichoniingia kichwani ni kwamba mwandishi hamtoi sosi wake. Afadhali ulale selo.

Jioni ile akanitumia faili kwa WhatsApp. Kurasa sita za Word.

Nikaifanyia kazi habari ile kwa wiki nzima. Nilipoipeleka kwa mhariri akauliza kile ambacho wahariri wote huuliza: "Umebalansi?" Yaani upande wa pili umesema nini. Nikampigia afisa uhusiano wa ofisi ile. Kijana mstaarabu, tumekutana mara nyingi kwenye semina. Akasema, "Kaka, nitumie huo waraka niuone. Siwezi kujibu kitu nisichokiona." Ombi la haki kabisa. Hata mimi ningesema hivyo.

Kabla ya kumtumia niliusoma waraka mara mbili, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta jina la mzee. Hakuna. Hakuna sahihi, hakuna mhuri, hakuna hata herufi za kwanza za jina lake. Nikaridhika. Nikabonyeza, faili likaenda kama lilivyo. Habari ikatoka kesho yake, ukurasa wa tano, na nikapongezwa pale ofisini.

Siku ya tatu mzee akanipigia. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani. "Mwanangu, wamemwita mama wa watu."

Mama gani? Katibu muhtasi wa idara yao. Faili lilikuwa limezunguka kwa wakubwa, mmoja akalifungua kwa namna anayoijua, akakuta jina la yule mama. Akapewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba. Alikuwa analia tangu asubuhi, akiapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kuongea na mwandishi wa habari. Na ilikuwa kweli. Hajawahi.

Nikamuuliza mzee jina lile limetoka wapi. Akasema, "Hata mimi sijui. Mimi ndiye niliyeandika kila neno."

Usiku ule nilimfuata kijana wetu wa kompyuta pale gazetini. Nikamwonyesha faili bila kumweleza kisa chote. Akacheka kidogo, akaniambia niketi nitazame. Alichofanya ni kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili, badala ya docx akaandika zip. Faili langu likageuka kuwa mfuko. Akaufungua, na ndani yake mkawa na mafaili mengine kadhaa.

Nilikuwa nadhani waraka wa Word ni maneno tu, kama karatasi. Kumbe ni kama kifurushi cha posta, na karatasi ni kitu kimoja tu kilichomo. Pembeni yake mna faili dogo lenye maelezo: nani aliyeanzisha waraka, nani aliyeugusa mara ya mwisho, siku na saa ulipoanzishwa, siku na saa ulipobadilishwa, na umehifadhiwa mara ngapi. Kuna faili jingine linaloeleza programu iliyotumika, dakika zilizotumika kuuhariri, na mara nyingine jina la ofisi. Wataalamu wanaita metadata, yaani taarifa kuhusu taarifa. Mimi naziita lebo.

Kwenye lebo ya mwanzilishi kulikuwa na jina la mwanamke, majina mawili kamili. Kwenye lebo ya aliyebadilisha mara ya mwisho kulikuwa na neno moja: "user".

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka kadhaa nyuma yule mama aliandaa ripoti ya kwanza ya namna ile: nembo juu, vichwa vya sehemu, majedwali. Tangu hapo ofisi nzima wanafanya tunavyofanya sote. Wanafungua ripoti ya zamani, wanafuta maneno, wanaandika mapya, wanahifadhi kwa jina jipya. Maneno yanafutika, lakini jina la aliyeanzisha linabaki, linarithiwa na kila nakala. Kompyuta ya mzee yenyewe aliyeiwekea programu hakujisumbua kuandika jina la mtu, akaiacha "user". Kwa hiyo aliyeandika hakuonekana, na asiyeandika akaonekana.

Kijana wetu hakuishia hapo. Akanifungulia faili lenye maneno yenyewe. Ndugu zangu, katikati ya sentensi nilizozisoma mara mbili nikidhani nimeona yote, kulikuwa na lebo nyingine zimejipenyeza, mistari ya herufi na tarakimu zisizoonekana ukifungua waraka kwa kawaida. Kila unapofungua waraka, ukauhariri na kuuhifadhi, Word inaweza kuyapa maneno mapya namba ya bahati nasibu ya kikao hicho. Namba hizo hazina jina la mtu. Lakini ukiweka waraka wawili pembeni na ukakuta namba zinafanana, unajua kwamba mmoja umezaliwa na mwingine, au wote wana mama mmoja. Nikabaki mdomo wazi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeipiga pasi nikampelekea mwenyewe.

Baada ya hapo sikulala vizuri, nikawa nasoma. Nikagundua kwamba sikuwa mjinga wa kwanza, na hilo lilinifariji na kuniaibisha kwa pamoja.

Mapema mwaka 2003, ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair, ilitoa waraka kuhusu Iraq wakati dunia inajadili kama kuna sababu ya vita. Mhadhiri wa Cambridge, Glen Rangwala, akagundua kwamba sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kwenye makala ya mtafiti Ibrahim al-Marashi, pamoja na makosa yake ya uandishi. Waraka ule ulikuwa umewekwa kwenye tovuti ya serikali kama faili la Word. Baadaye mtaalamu wa Marekani, Richard M. Smith, akalichungulia faili na kukuta orodha ya mara kumi za mwisho lilipohifadhiwa, pamoja na majina ya watumiaji wa kompyuta. Majina yale yakawa maswali ndani ya Bunge. Hao walikuwa watu wa Downing Street, wenye wataalamu wao wote. Nani mimi?

Kisa cha pili ni cha Wichita, katika jimbo la Kansas, Marekani. Dennis Rader aliua watu kumi kati ya mwaka 1974 na 1991, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaandikia polisi na vyombo vya habari barua za kujigamba. Mwaka 2005 alitaka kutumia disketi. Kabla ya kuituma akawauliza polisi kama anaweza kufuatiliwa kwayo, na polisi wakamjibu kwa tangazo gazetini kwamba hakuna tatizo. Akaituma kwenye kituo cha televisheni. Polisi wakakuta ndani yake mabaki ya faili lililofutwa, na kwenye lebo zake jina la kanisa moja la Kilutheri na jina la aliyelihifadhi mara ya mwisho: Dennis. Rader alikuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa hilo.

Lakini tazama kilichofuata, maana hapa ndipo pananiuma. Polisi hawakuishia kwenye lebo. Walitafuta vinasaba vya binti yake, wakavilinganisha na vilivyopatikana kwenye matukio ya mauaji, vikaoana kama baba na mwana. Ndipo wakamkamata, Februari 25, 2005. Yaani kwa muuaji wa watu kumi, lebo ilikuwa mwanzo wa uchunguzi. Kwa mama wa watu anayepiga chapa na kupokea simu, lebo ilikuwa hukumu.

Kisa cha tatu nilikisoma nikiwa nimeshika kichwa. Mwaka 2017, Reality Winner, aliyekuwa akifanya kazi za mkataba kwa shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, alichapisha ripoti ya siri na kuituma kwa posta kwenye chombo cha habari cha The Intercept. Waandishi walitaka kuhakikisha kama ni ya kweli, wakaonyesha nakala upande wa serikali. Wachunguzi wakaona nakala ina alama za kukunjwa, wakajua imechapishwa kwenye karatasi. Wakaangalia nani waliichapisha, wakapata watu sita. Kati ya hao sita, mmoja alikuwa amewahi kuandikiana barua pepe na chombo kile kwa kompyuta ya kazini. Na nakala ilipowekwa hadharani, wataalamu wa nje wakaonyesha kwamba karatasi zenyewe zilikuwa na nukta ndogo sana za njano, zinazowekwa na printa nyingi za rangi, zikieleza tarehe na saa ya kuchapisha na namba ya printa. Nukta hizo hazikuwa siri mpya. Shirika la Electronic Frontier Foundation lilikwisha kuzifafanua kwa aina moja ya printa za Xerox tangu mwaka 2005. Winner alihukumiwa miaka mitano na miezi mitatu jela.

Waandishi wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wanabalansi, kama mimi.

Sasa nirudi nyumbani. Sote tunakumbuka Desemba 2016, Maxence Melo wa JamiiForums alipokamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu. Moja ya mambo aliyoshitakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni kutotoa taarifa za watumiaji wake kwa polisi. Nilikuwa nasimulia kisa kile kwa fahari, nikisema hiyo ndiyo kazi yetu. Yeye alidaiwa majina kwa nguvu akakataa. Mimi sikudaiwa na mtu, sikutishwa, sikulala selo hata saa moja. Nimelitoa bure, na nikaweka na neno "asante kaka" mwishoni.

Wapo watakaosema tuna sheria. Ni kweli, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na tume yake ipo. Ni jambo jema. Lakini sheria ya namna hiyo inamfunga anayekusanya taarifa zako. Inanisaidiaje mimi ninayezibeba kifuani na kuzimwaga njiani bila kujua?

Kuna wazo jingine linalonisumbua zaidi. Tukizungumzia faragha kwenye intaneti huwa tunaogopa kwamba mashine inatujua sana. Mimi nimejifunza kuogopa pia kwamba inatujua vibaya, na bado inaaminiwa. Hebu fikirieni maisha yetu. Kompyuta ya mtumba ina jina la mtu wa nchi nyingine. Barua ya maombi ya kazi umeandikiwa steshenari, lebo inasema imeandikwa na duka. Simu umerithi kwa dada, akaunti ni yake. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, ni wangapi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba au jirani kwa sababu chao kilikuwa hakijatoka? Sisi ni watu wa kuazimana. Lebo haijui kuazimana. Lebo inadhani kila kitu kina mwenyewe mmoja, na kwamba mwenyewe ndiye aliyekishika.

Na ukimwonyesha bosi lebo hiyo, hatauliza zaidi. Mtu akisema jambo tunamhoji. Kompyuta ikisema, tunaandika barua ya onyo.

Mzee na mimi tulizungumza mara tatu wiki ile. Mara ya kwanza nilimwambia niko tayari kwenda kwa wale wakubwa na kuwaambia kwamba yule mama si sosi wangu. Akaniuliza, "Ukishasema si yeye, swali litakalofuata ni lipi?" Kweli. Idara yao ina watu wachache. Ukimtoa mmoja kwenye orodha umewasogeza waliobaki kwenye mwanga. Na kwa mwandishi ni mchezo mbaya: leo ukikubali kusema nani si sosi wako, kesho watakuletea majina kumi, moja moja, na kunyamaza kwako kwenye jina moja ndiyo jibu.

Mara ya pili alisema anafikiria kwenda kujitaja mwenyewe. Nikanyamaza. Nikiri hapa: moyo wangu ulifurahi, na baadaye nikaona aibu kwa furaha ile, maana nilikuwa nataka mzee wa watu abebe mzigo nilioutupa mimi.

Mara ya tatu alisema, "Mwanangu, nina watoto wawili shuleni na nimebakiza miaka miwili. Tuache." Tukaacha. Hajanipigia tena na sijampigia.

Yule mama aliandika maelezo yake. Alisema ukweli, kwamba hajui lolote. Wakampa barua ya onyo na kumhamishia masijala.

Kabla sijaendelea, kwa wale waandishi wenzangu na yeyote anayetuma na kupokea nyaraka, haya ndiyo ninayofanya siku hizi.

Sitoi tena faili la sosi kwa mtu yeyote, hata mhariri. Nikitaka kubalansi naandika maswali kwa maneno yangu, nataja kiasi, tarehe na bidhaa, basi. Mtu anaweza kujibu tuhuma bila kushika karatasi yangu. Akikataa, naandika kwamba amekataa.

Ikilazimu waraka utoke, nauandika upya kwenye faili jipya, kwa maneno yangu. Kunakili na kubandika hakutoshi, maana hata mpangilio wa maneno unaweza kuwa mtego. Mwaka 2019 tovuti ya Genius, inayoweka mashairi ya nyimbo, ilisema imeitega Google. Ilitumia aina mbili za alama ya ritifaa, iliyonyooka na iliyopinda, ikazipanga ili zikisomwa kama nukta na vistari vya simu ya maandishi ya zamani zitoe maneno yenye maana ya mwizi aliyekutwa na kidhibiti mkononi. Google ilisema mashairi inayapata kwa kampuni nyingine, na mahakama za Marekani ziliitupa kesi. Lakini somo likabaki: mwenye waraka anaweza kumpa kila mfanyakazi nakala yenye nukta moja tofauti, na wewe ukaichapa gazetini na nukta yake.

PDF si dawa. Wengi tunadhani ukigeuza Word kuwa PDF umesafisha. Jina la mwanzilishi linaweza kuhama nalo. Na ukifunika jina kwa rangi nyeusi juu ya maneno, mara nyingi maneno yapo chini yake, mtu ananakili na kuyasoma. Word yenyewe ina kikaguzi cha waraka tangu toleo la 2007. Ingia kwenye menyu ya faili, sehemu ya taarifa, kague waraka, kitakuonyesha yaliyojificha na kukuuliza kama kiyafute. Ni dakika moja. Dakika ambayo sikuwa nayo siku ile.

Picha nazo zinaweza kubeba mahali na saa zilipopigwa. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, huwa inabanwa na taarifa hizo zinaondolewa. Ukiituma kama waraka ili isipoteze ubora, inakwenda na kila kitu chake. Viungo navyo vivyo hivyo. Ukinakili kiungo cha video au habari na kukuta mkia mrefu wa herufi baada ya alama ya kuuliza, sehemu ya mkia huo huwa ni lebo ya kufuatilia kilivyosambazwa. Kata mkia, jaribu kama bado kinafunguka, ndipo utume.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: namweleza sosi mambo haya kabla hajanipa chochote. Zamani nilikuwa naahidi kuficha jina lake. Siku hizi nauliza kwanza: hili faili limeanzia kwa nani? Nani mwingine jina lake linaweza kuwa humu? Maana ahadi yangu ilimlinda mtu mmoja tu, aliyekaa mbele yangu na chai. Sikufikiria kwamba kuna wengine ambao hawakuniomba chochote.

Namalizia. Miezi miwili iliyopita nilitumwa kwenye ofisi ile kupeleka barua ya kuomba mahojiano kwa habari nyingine kabisa. Nikaelekezwa masijala. Chumba cha chini, mafaili mpaka darini, feni haifanyi kazi. Nyuma ya meza ameketi mama mmoja wa makamo, miwani imemshuka puani, kitambulisho kimening'inia shingoni. Nikalisoma jina. Majina mawili kamili. Nilikuwa nimeyaona kabla, kwenye kioo cha kompyuta, usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi?"

Nikamtajia gazeti langu. Mkono wake ulisimama kidogo juu ya mhuri. Halafu akagonga barua yangu, akaandika tarehe, akaingiza jina langu kwenye daftari kwa mwandiko mzuri sana, ule wa makatibu muhtasi wa zamani. Akasema nirudi baada ya siku tatu.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilijua hata nikisema nusu yake tu, mzee kapona au kaangamia kutegemea na mama yule atafanya nini. Nikasema asante mama, nikapanda ngazi.

Jina langu sasa lipo kwenye daftari lake, kwa wino, karibu na tarehe na saa. Lebo hiyo angalau ni ya kweli.

Alamsiki.